Muulize Mkunga: Ile plastiki yenye mistari ina kazi gani?

SWALI: Shikamoo mama. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza alitokwa damu mpaka akazimia, na kwenye faili waliandika damu ni ya kawaida. Sasa ana mimba ya miezi saba. Nasikia kuna hospitali wanamtandikia mama plastiki yenye mistari. Inasaidia nini?
Baba Neema, Ukara, Ukerewe

JIBU: Marahaba, baba, na poleni sana. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Usiku mmoja leba nilimkadiria mama kwa macho nikaandika mililita 400. Midomo ilipoanza kumpauka, nikakusanya khanga zake tatu zilizolowa, nikaziweka kwenye mizani ya watoto, nikatoa uzito wa khanga kavu. Gramu 1,100! Gramu moja ya damu ni kama mililita moja. Khanga zilikuwa zinainywa damu ile nami nimesimama palepale. Alipona, lakini tulimkimbilia tumechelewa.

Hiyo plastiki hutandikwa chini ya makalio mtoto akishatoka, damu ikateremkia kwenye mfuko wenye vipimo. Ikifika mililita 500 hakuna ubishi, tunaanza matibabu. Siku hizi hata 300 inatosha kuanza, kama mapigo ya moyo yanakwenda mbio au presha inashuka. Na tukianza tunafanya yote kwa mkupuo: kukanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, oksitosini (dawa ya kuukaza mji huo), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza damu kutoka), dripu, na kuangalia kama amechanika au kipande cha kondo kimebaki. Zamani tulijaribu hiki, tukangoja, tukajaribu kile. Utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, uliotolewa 2023, ulionyesha njia hii inapunguza kwa asilimia 60 damu ya kupita lita moja, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake, vikihesabiwa pamoja. Nikiisoma takwimu hiyo naziona sura za akina mama niliowahudumia.

Kwa mkeo, plastiki peke yake haitoshi. Kliniki aseme yaliyompata, yaandikwe kwenye kadi, apimwe wingi wa damu na asiache vidonge vya madini ya chuma. Asingoje uchungu akiwa Ukara. Ziwa likichafuka usiku, boti haitoki. Wiki ya 36 mpeleke kwa ndugu walio karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, iwe Nansio au Mwanza mjini. Tafuta na ndugu wawili wachangie damu mapema.

Siku hiyo mwambie mkunga: “Dada, huyu alitoka damu nyingi mara ya kwanza. Mnapimaje damu hapa?” Hakuna mkunga mwema atakayekasirika. Kama plastiki hawana, waombe wapime khanga kwenye mizani ya watoto. Kila leba ninayoijua inayo.