Ukienda Naadam, Msubiri Farasi wa Mwisho

Julai 2018 nilikuwa nasoma Beijing, nikapanda treni kwenda Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Ni safari ya zaidi ya saa 24, na pale Erlian, mpakani, mabehewa hunyanyuliwa moja moja yabadilishwe magurudumu, maana reli ya Mongolia ni pana kuliko ya China. Nilikuwa naifuata Naadam, sikukuu ya michezo mitatu: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Tangu nirudi nyumbani wameniuliza watu wengi waende vipi na waone nini, kwa hiyo naandika hapa nimalize.

Naadam ya taifa hufanyika Ulaanbaatar tarehe 11 hadi 13 Julai, kuadhimisha mapinduzi ya 1921, ingawa michezo yenyewe ni ya kale kuliko hayo. Ufunguzi huwa uwanja mkuu wa michezo. Wapanda farasi huingia na bendera tisa nyeupe zilizotengenezwa kwa singa za mkia wa farasi, na uwanja mzima husimama. Ni jambo la kuona mara moja maishani. Lakini tiketi za siku hiyo huisha mapema, kwa hiyo zitafute kabla hujafunga begi.

Kosa letu lilikuwa kwenye farasi. Mbio hazifanyiki mjini. Hufanyika Khui Doloon Khudag, nyika iliyo umbali wa kilomita 35 hivi magharibi ya jiji. Dereva tuliyempata alisema tukiondoka saa tatu asubuhi tutawahi. Hatukuwahi. Foleni ilianzia ndani ya mji ikatufuata hadi nyikani, na tulipofika vumbi lilikuwa limeshatua na watu wanakula. Nilisikitika sana, maana farasi ndio hasa walionitoa Beijing. Ondokeni alfajiri, hata kama dereva atawaona wasumbufu.

Kilichoniokoa ni mwanafunzi mwenzangu Mmongolia. Mjomba wake anafuga kondoo na farasi katika sum moja si mbali na Kharkhorin, karibu na magofu ya Karakorum, mji mkuu wa zamani wa dola ya Wamongolia. Sum ni kama wilaya ndogo, na sum nyingi huwa na Naadam yao, nyingine siku za taifa, nyingine kabla au baada. Na huu ndio ushauri wangu mkubwa: ikibidi uchague, acha ya mji mkuu, nenda ya sum. Hakuna tiketi, hakuna jukwaa la wakubwa. Unaketi nyasini na wenye farasi wenyewe.

Mieleka niliielewa kule, kwa sababu nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwa wapiganaji. Hakuna kupangwa kwa uzito. Kijana mwembamba anaweza kukutana na jitu. Atakayegusa ardhi kwa goti, kiwiko au mwili ameshindwa, ila kiganja hakihesabiwi. Mshindi hunyoosha mikono na kuipepea taratibu kama tai anayeelea, na aliyeshindwa hupita chini ya kwapa lake. Kwenye Naadam ya taifa huanza wapiganaji 512 au 1,024, na hapo ndipo hupatikana vyeo: anayeshinda raundi 5 huitwa mwewe, anayefika 7 huitwa tembo, na bingwa huitwa simba. Nilimwambia mjomba kwamba kwetu tembo na simba wapo, wanatembea porini. Akanitazama kwa muda, kisha akawaita majirani zake waje wanisikilize nirudie.

Upinde sikuukalia sana. Nenda usikilize tu waamuzi: wanasimama karibu kabisa na shabaha bila woga, na mshale ukipiga wanainua mikono na kuimba kwa sauti ndefu.

Usipoteze muda kutafuta chakula. Kila kona ya uwanja wanakaanga khuushuur, nyama ya kondoo ndani ya unga, bapa na ya moto, ndugu ya sambusa. Utakaribishwa pia airag, maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa, yenye uchachu mkali na kilevi kidogo. Kama hunywi kilevi, sema mapema kwa upole uombe chai yao ya maziwa na chumvi, hakuna atakayekasirika. Bakuli lipokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Sisi tuliolelewa kupokea vitu vya wakubwa kwa mkono wa kulia hatuna shida na hilo. Ukiingia kwenye ger, hema lao la duara, ruka kizingiti, usikikanyage. Na beba sweta. Mchana jua linachoma, usiku baridi inaingia mifupani, Julai hiyo hiyo.

Sasa farasi. Wanaowapanda ni watoto, na wakati ule sheria ilitaka wasipungue miaka 7. Sikuweza kulitazama hilo kwa moyo mwepesi. Watoto huanguka na kuumia, na watetezi wa haki za watoto wamelalamika kwa miaka mingi. Nawe utaliona, jiandae. Asubuhi hutoka kwa mwendo wa pole wakiimba giingoo, wimbo wa kuamsha farasi, hadi mwanzo wa mbio, kisha hugeuka na kurudi kwa kasi. Farasi wa miaka miwili hukimbia kilomita kama 10, wakubwa zaidi ya 20. Kwa hiyo unachosubiri wewe ni vumbi kwenye upeo. Uwe na darubini, na usivuke kamba. Farasi aliyechoka hasimami kwa sababu yako.

Watano wa kwanza humwagiwa airag kiunoni na kuimbiwa sifa. Wazee huwasogelea na ubao mwembamba wakikwangua jasho. Nilisimama karibu na farasi mmoja mwekundu: nywele za utosi zimefungwa wima kwa kitambaa, jasho linaporomoka kama povu la sabuni, mbavu zinapanda na kushuka. Mama mmoja alipitisha kiganja shingoni kwa farasi yule, kisha akajipaka usoni. Mwenzangu akaniambia jasho lile ni baraka.

Hapo wageni wengi huondoka. Usiondoke. Katika mbio za farasi wa miaka miwili, wa mwisho naye ana cheo, huitwa bayan khodood, tumbo lililoshiba. Siku ile alikuja peke yake, muda mrefu baada ya wenzake, mtoto wa kike amejiinamia mgongoni, uso umejaa vumbi na michirizi ya machozi. Mzee mmoja alishika hatamu, akamwimbia farasi kwamba kosa si lake, njia ilikuwa ngumu, na mwakani atatangulia wote. Watu wakaitikia. Mtoto akajifuta pua kwa mkono wa shati, akakaa wima juu ya tandiko, na farasi akaongozwa polepole kupita katikati yetu.