Ripoti inasema 312, rejista inasema 268, na mimi ndo inchaji

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni afisa wa kliniki, nina miaka 29, juzi juzi nimefanywa inchaji, yaani msimamizi, wa kituo cha afya daraja la III huku Tororo, Uganda. Wenzangu wengi wamenizidi umri, wamezoea rejista na kalamu, sasa tumeletewa tableti za kuingizia data. Ripoti ya mwezi uliopita ilienda na wagonjwa wa malaria 312, nikahesabu rejista mwenyewe nikapata 268. Nikiuliza wote kimya. Nianzie wapi bila kugombana na wakubwa zangu?

JIBU: Mdogo wangu, hongera, na pole pia. Umefungua rejista ukahesabu kwa mkono wako, mainchaji wengi hawafiki hapo.

Kabla hujamshuku mtu, angalia safu ya vipimo. Fomu ya HMIS 105, ile ripoti ya kila mwezi ya kituo, inatenganisha malaria yote na ile iliyothibitishwa kwa kipimo, kwa hiyo hao 44 wanaweza kuwa watu wa homa waliopewa dawa siku vipimo vimeisha, na wewe umehesabu wenye kipimo tu. Au ni tali, ile karatasi ya kuhesabia kwa vijiti. Mi nilianzia chumba cha rekodi kwenye kituo fulani, tulikuwa tunajaza tali usiku wa mwisho wa mwezi, mmoja anasoma mwingine anachora vijiti, kijiti cha tano unakata, mwenzio anasinzia anaruka mistari mitatu, asubuhi namba ipo na hata sisi hatuiamini. Na bosi wetu alikuwa akiona namba imepanda anafoka, basi tukazoea kumpa ile anayoitaka.

Ndo maana huo ukimya naujua, mtu akishafokewa kwa sababu ya namba hasemi tena.

Sasa fanya hivi, kaa na yule mkunga mkubwa kuliko wote, chukueni ukurasa mmoja tu, mwambie mama nisomee, wewe ndo uchore vijiti. Yeye anajua mwandiko wa kila mtu pale na anajua siku gani vipimo viliisha, hiyo tableti haijui, halafu kijana mmoja akae naye kila jioni wakiingiza ya siku hiyo hiyo, nusu saa inatosha, msisubiri mwezi uishe. Mkigundua kosa lilipotoka usiulize nani, uliza lini.

Wilayani usingoje wakuite. Mpigie mtu wa takwimu mwambie ya mwezi uliopita inahitaji kusahihishwa, kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, inawezekana, na dawa za watu zinapangwa kwa hizo namba jamani.

Lingine hujaliuliza ila naliona sana: kupiga picha ukurasa wa rejista na majina ya wagonjwa kisha kutupa kwenye grupu la WhatsApp eti ripoti iwahi. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inalinda taarifa za afya za mtu, na huyo mgonjwa ni jirani yenu, kwenye grupu peleka jumla tu.

Mkishahesabu huo ukurasa na mama, niandikie mlichokuta.