Somo, mume wangu yuko onlaini saa nane usiku

"Shikamoo somo. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 34, niko Tanga, nauza vitumbua na chai asubuhi. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mzigo Dar anapita Tunduma anaingia Zambia mpaka Lubumbashi, safari moja inaweza kula wiki tatu hata mwezi. Zamani akichelewa kujibu nalala zangu. Mwaka jana aliniaga saa tatu kwamba analala, nikaja kuona lasti sini yake saa saba usiku, tangu hapo sina amani. Nikamwambia mwanangu mkubwa, ana miaka 13, aniunganishie wasapu ya baba ake kwenye simu ya zamani, akaiskani baba mtu akiwa amelala. Saivi kila siku naamka saa nane usiku naisoma yote, magrupu ya madereva, bosi, ndugu zake, mwanamke sijamkuta. Ila kinachoniua ni kwamba nikishika simu yangu naona yeye alikuwa onlaini saa nane na dakika kumi, saa nane na robo, karibu kila usiku, na kule kwenye ile nyingine meseji hamna. Mana ake anafuta. Mchana nampigia video anionyeshe alipo, anakasirika. Wiki iliyopita tena bosi wake kamkaripia kwamba anasoma meseji hajibu, yeye anasema hajaziona, kwa hiyo uongo anao. Vitumbua vinaungua, nasinzia kwa wateja, juzi nimempiga mdogo kwa kumwaga maji tu. Somo, nimuulize au ninyamaze nikusanye ushahidi? Mama Wawili, Tanga."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuhurumia, ya pili nikaanza kucheka peke yangu jikoni mpaka mjukuu akaja kuuliza bibi kuna nini. Nisamehe, sicheki maumivu yako, nacheka kwa sababu huyo anayeingia onlaini kila siku saa nane usiku nadhani namjua. Ni wewe.

Subiri nikueleze. Ile simu ya zamani mwanao hakuiwekea wasapu nyingine, ni ileile ya mumeo, akaunti moja yenye milango miwili. Ukiingia wewe kwa mlango wa nyuma, huku nje jina la mumeo linaonyesha yuko onlaini, wasapu haijui aliyeshika simu ni baba au mama. Ukitoka, muda uliotoka wewe ndo unabaki pale kama lasti sini yake. Sasa jisome mwenyewe ulivyoandika, unaamka saa nane, unapekua yote, alafu unashika simu yako unakuta alikuwepo saa nane na dakika kumi na meseji hamna. Zitakuwepo vipi mama wakati aliyekuwa macho ni wewe? Umefuata nyayo za mwizi usiku kucha kumbe kandambili ni zako.

Na la bosi ni hilohilo. Ukifungua meseji ya bosi kwenye simu ile, kule kwa bosi zinatokea tiki mbili za bluu. Hizi tiki tangu zije mwishoni mwa 2014 zimegombanisha watu wengi, ila wengi wao waligombana kwa meseji walizosoma wenyewe, mumeo katukanwa kwa meseji uliyosoma wewe na yeye yuko zake kwenye foleni ya Kasumbalesa, pale mpakani Zambia na Kongo, hana habari. Alafu akakwambia ukweli, kwamba hajaziona, na wewe ukauandika kwenye daftari la uongo wake. Hapo ndo nilipoacha kucheka.

Kama huniamini jaribu. Izime ile simu, izime kabisa sio uifunike na kanga, siku tatu mfululizo, na asubuhi, ASUBUHI nimesema, angalia inaonyesha saa ngapi. Najua, ndo kwanza nataka nikwambie uache kuchungulia na hapohapo nakupa kazi ya kuchungulia, ila hii ni ya mwisho.

Inabaki ile saa saba ya mwaka jana, hiyo siwezi kukubambikia wewe mana ulikuwa hujaunganisha bado. Lakini kama usiku ule alikuwa ameshavuka Tunduma ujue Zambia na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu yako inaandika saa ya Tanga, kwa hiyo saa saba yako ni saa sita yake. Mtu amelala kwenye kebini tangu saa mbili, saa sita utingo anamgongea foleni imesogea, au kuna vijana wanazungukazunguka kwenye tenki la dizeli, ataacha kushika simu? Magrupu yao si umeyasoma mwenyewe, unajua yanavyolia usiku, wapi gari limelala barabarani, mizani gani kuna msururu, mpaka gani mtandao wa forodha umekata. Simu ndo redio yake na ndo mlinzi wake.

Sikuapii kwamba mumeo ni malaika. Njia kuu ina mambo yake na kila mke wa dereva anayajua, na kama unayo wasiwasi wa kweli yapo ya kufanya ya kweli, akirudi nendeni kituo cha afya mkapime wote wawili, hilo ni jambo la kawaida kwa watu wanaokaa mbali mwezi mzima na wala halihitaji ushahidi. Watu watakwambia bata ukimchunguza sana humli. Mimi sisemi hivyo, mume si bata, na kuna wanawake wameokoka kwa kuuliza maswali. Ila kuuliza ni kumuuliza mtu. Wewe umemuuliza simu.

Na jibu ulipewa! Umepekua miezi yote hiyo hukukuta mwanamke. Je ulilala? Hukulala, ulisema anafuta. Ungemkuta ungeumia, hukumkuta umeumia, sasa niambie mwanangu hiyo simu ikuonyeshe kitu gani ndo ulale?

Nakwambia haya na mimi sikuzaliwa mtakatifu. Marehemu mzee wangu alikuwa kwenye treni za TAZARA, anatoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860 kwenda tu, na enzi hizo simu ilikuwa ni kwa mwenye cheo. Siku moja ikaja barua yake, mwandiko wa kike kwenye bahasha, mimi nikaweka birika jikoni nikaifungua kwa mvuke kisha nikaibandika na uji wa muhogo. Ilikuwa ya kaka yake kijijini, kaandikiwa na binti wa shule, anaomba hela ya paa. Mzee akarudi akaisoma hakuniambia, nami nikakaa na ile hela ya paa kooni miezi miwili, kila akinunua kitu namuangalia, kila akisema hana najiuliza kampa ngapi, na kumuuliza siwezi mana nitajuaje? Kosa la yule bwana lilikuwa nini? Hamna. Lakini nilimnunia kweli. Tofauti yangu na yako ni kwamba mimi barua ilikuja moja kwa miezi, nikapata muda wa kupoa, wewe barua zako zinaingia mia kwa siku na birika liko chini ya mto.

Ndo mana nasema usijione umechanganyikiwa. Hiki kitu kinanasa watu wenye akili zao. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani karne iliyopita anaitwa B. F. Skinner, alikuwa anafuga njiwa kwenye boksi wanadonoa kitufe wanapewa chakula. Wale waliojua kila wakidonoa wanapata, alipoacha kuwapa waliacha mapema. Wale waliokuwa wanapata mara moja moja bila kujua lini, hao wakadonoa na kudonoa hata chakula kilipokwisha. Wewe ndo huyo wa pili. Usiku mwingine hukuti kitu, usiku mwingine unakuta "onlaini", moyo unaruka, basi kesho utaamka tena. Na ukishachungulia si unapata kale kautulivu ka dakika tano, unasema haya leo salama? Hako ndo kabaya kuliko yote. Ni kama kukuna upele, unapata raha ukikuna na ndo unautanua.

Nije kwa kijana. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa miaka 13 umemtuma ampekue baba ake akiwa usingizini, na tangu siku ile amebeba siri yako mbele ya baba ake kila baba akirudi na zawadi. Huyu anajifunza kwamba mtu ukimpenda unamskani. Kesho kutwa atapata mchumba, atamuomba neno la siri, binti akikataa ataambiwa unaficha nini. Mwite, mwambie mama alikosea na hakutakiwa kukutuma wewe, mwambie na kwamba baba utamwambia mwenyewe, asikae na mzigo huo. Yule mdogo naye uliyempiga kwa maji muombe msamaha, mtoto anaelewa.

Alafu leo leo kabla hujalala ingia kwenye ile simu ya zamani toa akaunti. Usisubiri lile jaribio langu, kuitoa ni zaidi ya kuizima, jaribio litafanya kazi vilevile. Kumbuka hata yeye siku akigusa kwenye mipangilio pale palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa ataikuta imekaa, akiikuta mwenyewe ni kesi, ukimwambia wewe ni maongezi. Na kwa taarifa yako ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, haikuandikwa "isipokuwa mkewe". Sidhani atakupeleka polisi, nakwambia tu ujue uzito wa ulichoshika.

Kwenye simu yako sasa, zile siku tatu za jaribio zikiisha, nenda sehemu ya faragha, ficha lasti sini ya kwako na ile onlaini nayo. Utashangaa nakwambia ufiche ya kwako badala ya yake, ni kwamba wasapu ukificha ya kwako na wewe huoni ya wenzio, mlango unafungwa pande zote. Kidole kitaenda penyewe siku za mwanzo, kiache kiende, kitakuta ukuta kitarudi. Simu ikalale sebuleni. Utaniambia ndo inakuamsha saa kumi ukachome vitumbua, nunua saa ya mezani, zipo za bei ya sahani chache za vitumbua.

Video za mchana acha kabisa. Unajua Kitonga wewe, ule mlima wa Iringa wenye makona? Mtu anashuka pale na tani 30 nyuma yake unamwambia geuza kamera nione uliko? Siku hiyo utakayomkamata anasema kweli yuko Kitonga ndo siku utakayojuta. Pangeni muda mmoja, akishapaki, na umkumbushe saa tatu yako akiwa Zambia ni saa mbili yake ili msianze kugombana mmoja kachelewa. Zaidi ya hapo asipojibu anaendesha au amelala au bando limeisha.

Umeniuliza umuulize au unyamaze ukusanye ushahidi. Ushahidi wa nini tena, ulionao ni wa kwako wewe. Mwambie. Sio kwa voisi, sio kwa meseji ndefu na emoji za kulia, subiri ashuke basi hapo Tanga, aoge, ale, alale usiku wake mmoja, kesho yake watoto wakienda shule mwambie uso kwa uso: nimekukosea, nilikuwa naingia kwenye wasapu yako, zile meseji za bosi nilifungua mimi. Ishia hapo. Usiongeze "lakini na wewe", hata kama unayo kumi ya kusema, hiyo "lakini" itakula msamaha wote. Atakasirika, muache akasirike, ana haki yake, na anahitaji kupata la kumwambia bosi. Akishapoa, hata kama ni siku ya tatu, sasa mwambie lile lako la kweli ambalo halimo kwenye barua yako ila mimi nimelisikia, kwamba wiki tatu ni nyingi na unaogopa. Sina hakika atajibu nini. Ila hilo angalau ni swali ambalo yeye ndo anaweza kulijibu, na kama jibu lake litakuwa baya utakuwa umelisikia kwake na tutajua pa kuanzia.

Ukimaliza zile siku tatu niandikie uniambie ilionyesha saa ngapi. Ila niandikie mchana mwanangu, hii barua yako imeingia kwangu saa tisa kasoro dakika tano usiku.