Boneti ya Landrover 109: acha kijiti, weka fimbo inayofunga juu na chini

Ndugu yangu wa Makete, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu limenigusa. Umesema Landrover 109 ya marehemu mzee, Series III ya dizeli, fimbo ya kushikilia boneti ilishapotea miaka mingi, tairi la spea limekaa juu ya boneti, na siku zote mnaegemeza kipande cha mti wa mlingoti. Unauliza mwendelee na kijiti au uweke shokapu za gesi, zile zinazoshikilia boneti kwa presha ya gesi, kama magari ya siku hizi. Mimi nasema usifanye lolote kati ya hayo mawili. Tengeneza fimbo ya nondo, na hakikisha inaizuia boneti isishuke na pia isipande. Hilo la kupanda ndilo watu wengi hawalifikirii, na ndilo lililotuumiza sisi.

Mwaka 2011, mwezi wa saba, tulitoka Chimala kupandisha Matamba kufuata viazi. Barabara yenyewe unaijua, ile ya kona 57. Gari lilikuwa 109 kama lako, na sisi pia tulikuwa na kijiti. Katikati ya mlima likachemsha. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ndiye alikuwa utingo. Akashuka haraka kama kawaida, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akainua boneti, akasimamisha kijiti juu ya madigadi. Mimi nilikuwa nyuma natafuta dumu la maji. Mle mlimani upepo unapanda kutoka bonde la Usangu, unatulia, halafu unakuja kwa mkupuo. Mkupuo ulipokuja haukuisukuma boneti chini. Uliinyanyua, labda kiganja kimoja tu. Kijiti kikakosa kitu cha kukibana, kikadondoka, upepo ukapita, na boneti ikarudi chini na tairi lake lote. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa juu ya ukingo wa mbele, pale juu ya rejeta.

Vidole viwili vilivunjika. Tukamteremsha Chimala kwa gari la wenzetu waliokuwa wanashuka. Mpaka leo vidole hivyo havikunji vizuri, na spana ndogo anaishika kwa mkono wa kushoto. Mama mdogo hakunisema neno baya, alinipa pole tu, na pole ile iliniuma kuliko angenigombeza. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Sasa fikiria uzito wenyewe. Tairi la 7.50-16 likiwa na rimu yake ya chuma linazidi kilo 30, hapo hujaihesabu boneti. Bawaba ziko nyuma, karibu na kioo. Boneti ikiwa imeinuka kidogo tu, uzito unakandamiza kijiti kwa nguvu na kijiti kinatulia. Kadiri unavyoinua zaidi, uzito unahamia kwenye bawaba na kijiti kinabaki na mzigo mdogo. Kwa mkono utaona boneti imekuwa nyepesi, utafurahi, utadhani umeiweka salama. Kumbe kilichokuwa kinakishika kijiti ni ule mzigo, na sasa umeupunguza, huku bati lote limesimama mbele ya upepo kama tanga. Kijiti chako cha mlingoti kinaweza kuwa kigumu kama chuma na bado kikaanguka, kwa sababu hakijaungwa popote.

Ongeza mtikisiko. Dizeli ile ya silinda nne, cc 2,286, ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inatikisa gari zima. Fundi akikuambia "piga stata tusikilize" huku boneti iko juu ya kijiti, kataa. Kijiti kinatembea kidogo kidogo juu ya madigadi bila mtu kukiona.

Na huku kwetu tunafungua boneti barabarani kuliko watu wa pwani. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukifika juu Kitulo, mita 2,600, ni kama 91. Mfuniko wa rejeta ukishachoka, usiposhika presha, gari linachemsha mapema, na linachemsha palepale mlimani penye upepo. Kwa hiyo badili na mfuniko huo. Lakini usiufungue injini ikiwa ya moto.

Kuhusu shokapu za gesi, naelewa kwa nini zinavutia. Kwa boneti isiyo na spea, kwenye karakana, zinafaa. Kwako hapana. Gesi inalegea kwa baridi: kutoka nyuzi 25 mpaka sifuri nguvu yake inapungua kama asilimia 8, na wewe unakaa Makete, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba unazijua, kuna barafu kwenye majani. Tena ukinunua zenye nguvu ya kubeba boneti na tairi, siku ukilishusha tairi zitaisukuma boneti juu mpaka zipinde bati. Ukinunua za boneti tupu, hazitabeba tairi. Halafu zinavuja polepole bila dalili, siku moja unainua boneti na inakufuata.

Fimbo ninayoisema mimi ni hii. Tafuta nondo laini ya milimita 10, ile isiyo na mikunjo. Shusha tairi la spea kwanza, mtu mmoja aishike boneti ikiwa juu kiasi cha kichwa chako kuingia, wewe pima kwa kamba kutoka kwenye paneli ya rejeta hadi kwenye mbavu ya ndani ya boneti. Usinakili kipimo cha gari la mtu, haya magari yameshagongwa na kunyooshwa mara nyingi, hayafanani tena. Ncha ya chini ikunjwe iwe pete, ipite boliti yenye nati ya kujifunga, iliyobanwa kwa kiasi ili fimbo izunguke. Boliti hiyo iwekwe kwenye paneli ya rejeta kwa sababu ile ni chuma. Usiiweke kwenye madigadi.

Ncha ya juu ikunjwe kona, iingie kwenye tundu la kishikio ulichofunga kwenye boneti, na ikishatokeza upande wa pili uichome pini. Pini hii ndiyo moyo wa kazi yote. Nondo inazuia kushuka, pini inazuia kupanda. Ifunge pini kwa mnyororo mdogo au kipande cha waya kwenye kishikio chenyewe, la sivyo wiki ya pili itakuwa imepotea Matamba sokoni.

Kishikio ndicho kinachowashinda mafundi wengi. Landrover ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, wakatumia alumini kwa bodi, na mtindo huo ukaendelea mpaka hizi Series III za 1971 hadi 1985. Fundi wa kuchomelea akileta fimbo zake za kawaida kwenye bati hilo atakutoboa. Mimi nilitobolewa, tundu la kuingia shilingi mbili. Beba sumaku: ikishika ni chuma, isiposhika ni alumini, usichomelee. Toboa kwa drili, funga kwa boliti mbili zenye washa pana pande zote. Na kati ya kishikio cha chuma na bati la alumini weka kipande cha tyubu ya baiskeli. Vyuma hivi viwili vikigusana na maji yakiingia, alumini inaliwa, unaona unga mweupe, na baada ya misimu michache ya mvua za huku boliti zinabaki zimeshika hewa.

Kazi hii mafundi wa Mwanjelwa au Sido, hapa Mbeya, wanaifanya kwa asubuhi moja ukisimama nao. Simama nao kweli, usiende kunywa chai. Ikikamilika, rudisha tairi, inua boneti, choma pini, kisha itikise kwa mikono yote miwili juu na chini kabla mtu hajaweka kichwa. Mimi nondo yangu nimeipaka rangi nyekundu ili usiku ionekane kwa tochi.

Ukiwa na kazi kubwa, mfano kushusha silinda hedi, usitegemee fimbo yoyote. Ivueni boneti yote, watu wawili, mkailaze kwenye majani.

Mpaka nondo iwe tayari, shusha tairi la spea leo hii ulibebe nyuma kwenye bodi. Ni usumbufu, litakula nafasi ya gunia zima la viazi. Lakini kijana wako akifungua boneti kesho akiwa peke yake, bati tupu likimwangukia atapata mchubuko, na vidole vyake atabaki navyo.