Re: Pampu ya maji ya mvua, nusu hosipawa inatosha?

Ndugu, kama tangi la chini ni la lita 5,000 na la juu liko mita 6 tu hapo Mukono, pampu ya nusu hosipawa (kipimo cha nguvu ya mota) inatosha kabisa kupandisha maji, usikubali wakuuzie ya hosipawa 2, bili ya umeme itakumaliza bure. Angalia kibandiko cha pampu pale pameandikwa H max, yaani urefu wa juu kabisa inaoweza kupandisha maji, ikiwa mita 30 uko sawa maana mabomba na kona zinakula nguvu. Halafu tafadhali sana weka floti, ile swichi inayoelea, ya kuizima pampu tangi la chini likikauka, pampu ikizunguka bila maji sili (kizibo cha ndani kinachozuia maji kuvuja) inaungua, hapo ndo wengi wanapoteza pesa, na mdomo wa bomba la kuvuta maji usiguse sakafu ya tangi, uchafu unaotoka kwenye mabati ya paa unatulia pale. Umeme ukiwepo jaza la juu, ukikatika maji yanashuka yenyewe.