Mbuna anawashambulia wenzake tangini

SWALI: Mhariri, katika tangi langu la lita 200 lenye samaki wadogo aina ya neoni, niliongeza mbuna mmoja mwenye milia ya manjano na nyeusi. Tangu hapo mapezi ya wenzake yanachanika, na wawili wamekufa. Nifanye nini?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Mtenge mbuna huyo leo, usingoje. Mbuna ni samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa, wa jamaa moja na perege, na huko kwao dume hulinda pango lake na mwani uotao juu ya mawe, akimfukuza kila anayesogea. Ila ziwani anayefukuzwa ana pa kukimbilia, ilhali ndani ya kioo hana. Hata maji hayawapatanishi, kwa kuwa mbuna huhitaji maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi) ya karibu 8, na neoni, ambaye asili yake ni bonde la Amazon, hupenda maji laini yenye asidi kidogo.

Ukitaka kuendelea na mbuna, wape tangi lao wenyewe, lenye mapango mengi, chujio lenye nguvu na majike kadhaa kwa kila dume. Kabla ya kuingiza mgeni, yapange mawe upya, ili wenyeji wapoteze mipaka yao.