Paa la pembetatu mbele ya mlango: litashikwa na nini?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nyumba yetu ya Bamburi imejengwa kwa matofali ya mawe ya matumbawe na paa lake ni la mabati. Mlango wa mbele hauna kinga. Mvua ya kusi inapiga hadi sebuleni na ubao wa mlango umeanza kuvimba. Nataka paa dogo la pembetatu, upana mita 2.4, litokeze mita 1.5. Fundi wangu asema atalipigilia kwenye fesha ya paa la zamani, nguzo hazihitajiki. Ni sawa?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Si sawa, na nakuomba umsimamishe kabla hajakata mbao.

Fesha ni ubao wa kuziba ncha za kenchi na kushika mfereji wa maji. Haiwezi kubeba paa jingine. Niliwahi kuitwa Kisauni kuangalia paa lililofungwa hivyo. Ukilitazama kutoka chini, zima kabisa. Nilipopanda ngazi, fesha ilikuwa imeachana na kenchi hata kidole changu kikapita katikati, na skrubu nilizochomoa zilikuwa zimeliwa na chumvi shingoni, zimebaki nyembamba kama sindano.

Uzito wenyewe si mkubwa. Kinachonitia hofu ni upepo: paa lililo wazi pande tatu, kusi ikiingia chini yake hulisukuma juu. Kwa hiyo nguzo mbili za mbele utazihitaji, zilibebe paa na pia zilizuie lisinyanyuke. Kwa kipimo chako, msingi wa zege wa sentimita 60 kila upande na kina cha 60 kwa kawaida hutosha kila nguzo. Nondo zianzie kwenye msingi, zipande ndani ya nguzo, zitokeze juu na kukunjwa juu ya boriti. Zifunikwe kwa zege la sentimita 4 au 5, la sivyo chumvi itazifikia na nguzo itapasuka. Nyuma, boriti zifungwe kwenye linta ya zege, ile boriti iliyo juu ya mlango, si kwenye tofali. Jiwe la matumbawe lina matundu na boliti hulegea humo.

Sasa urefu wa kwenda juu, ambao wengi huugundua paa likiwa limeshaanza. Boriti zikikaa mita 2.3 na paa likiinama nyuzi 25, kilele hupanda sentimita 56 zaidi, yaani karibu mita 2.86 kabla hujahesabu unene wa mbao na mabati. Pima upenu wako. Ukiwa chini ya hapo, paa jipya litagonga la zamani. Fundi atataka kulilaza lipite chini, lakini mvua ya upepo hupenya kwenye maungio ya mabati yaliyolala. Mimi ningelipandisha juu ya paa la zamani.

Hapo yanazaliwa mabonde mawili, yaani mikunjo ambapo paa jipya hukutana na la zamani, na kazi yote iko hapo. Kila bonde liwekwe bati bapa la upana usiopungua sentimita 45, liingie chini ya mabati ya pande zote mbili, kingo zake zikunjwe ili maji yasivuke. Katikati iachwe njia ya sentimita 10 hivi. Majani ya mwarobaini yakikwama, maji hurudi nyuma na kushukia darini. Wasizibe kwa saruji. Hupasuka, na saruji mbichi hula zinki na alumini iliyopakwa kwenye mabati. Maji ya mabonde yatashuka kwa nguvu pembeni mwa mlango, basi weka mfereji.

Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Mabati chukua geji 28, ndiyo kipimo cha unene wake. Geji 30 ni jembamba zaidi, hata kama duka litakuambia ni yale yale.

Peleka mchoro kaunti uidhinishwe kwanza, na kama unaweza, kazi ianze Januari au Februari, maana paa la zamani litafunuliwa kwa siku kadhaa na masika haisubiri.